Foleni ya Akina Mama

Mliponiacha wiki jana nilikuwa kiti cha nyuma kabisa cha basi, nepi mbili za kitambaa zimening'inia dirishani zikauke, na binti yangu wa miezi saba ameshanikojolea suruali niliyoitunza kwa ajili ya kuonana na mwajiri.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasema kwa ufupi. Mke wangu alifariki wiki moja baada ya kujifungua. Mama yake ndiye aliyenilelea mtoto, mimi mchana nashona makochi, jioni nakuja kumpakata. Kisha rafiki yangu aliye ng'ambo ya mpaka akaniita. Kuna hoteli mpya, akasema, makochi chumba hadi chumba, kazi ya mwaka mzima. Ndege ni ya wenye nazo. Nikakata tiketi ya basi, kiti kimoja, maana mtoto wa mapajani halipiwi.

Mama mkwe aligoma. Alipokubali, alinishika mkono mlangoni, akaniambia maneno ambayo tangu siku ile sijapata dawa yake.

"Baba, nakukabidhi roho yangu. Siku nikisikia umemwachia mtu usiyemjua, hata kama ni kwa kwenda chooni, huyo mtoto si wako tena."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya bibi kwa mjukuu.

Mtoto tunamwita Bosi, kwa sababu tangu azaliwe yeye ndiye anayetoa amri, sisi tunatekeleza.

Sasa tuendelee.

Kiti cha pembeni yangu alikaa dada mmoja mwembamba, mwenye begi lililojaa vitana na mafuta ya nywele. Alikuwa anakwenda kwa dada yake mkubwa mwenye saluni huko huko ninakokwenda. Mimi nikamwita Jirani, yeye akaniita Baba Bosi, na majina yakatutosha.

"Hii mbeleko umeinunua wapi?" aliniuliza, akiigusagusa.

"Sijanunua. Nimeshona mwenyewe."

"Mbona ina sponji?"

"Kochi la mgeni naliwekea sponji, sembuse mgongo wa mwanangu?"

Akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Mbeleko yenyewe nilikuwa nimeishona kwa kitambaa cha kochi chenye maua, mikanda mitatu na bizimu tatu za chuma. Abiria walishasema mtoto amebebwa kama kochi la watu watatu. Lakini Jirani hakunicheka kwa ubaya. Alitaka kujua inavyofungwa.

"Anza na ya kiunoni," nikamwelekeza. "Halafu ya bega. Ya kifuani ni ya mwisho, unaipitisha chini ya kwapa. Ukianza na ya bega, mtoto anaegemea upande mmoja."

Akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, akapatia. Nikampongeza. Fundi akisifiwa kazi yake hupofuka, na mimi nilipofuka mchana kweupe.

Safari nzima Bosi alilala zaidi mapajani kwa Jirani kuliko mapajani kwangu. Sikatai. Magoti yangu ni mifupa mitupu, na Jirani alikuwa anajua kuimba.

"Baba Bosi, unajua ninachokiogopa?" aliniambia tulipokaribia mpaka. "Wanawake tukisafiri peke yetu, pale dirishani tunaulizwa maswali mpaka unasahau jina lako. Mwenzangu alirudishwa juzijuzi. Karatasi zote alikuwa nazo. Walimwambia tu, mwanamke peke yako unakwenda kufanya nini huko?"

Nikampa pole. Sikulitilia maanani zaidi ya hapo.

Tulifika mpakani jua la utosi. Kondakta akasimama mlangoni.

"Shukeni wote na vitu vya mkononi tu! Mizigo mikubwa ibaki humo. Basi linazunguka, linawasubiri upande wa pili. Atakayechelewa asinilaumu, hapa basi halina mjomba!"

Ukumbi wa ukaguzi ulikuwa na paa la bati na foleni iliyotoka nje ya mlango. Bosi alikuwa amemaliza maziwa ya mwisho tangu asubuhi. Joto lilipompiga akaanza kulia. Nilimbembeleza, nikampulizia uso, nikampa funguo za karakana azichezee. Akazitupa.

Upande wa pili wa ukumbi kulikuwa na foleni nyingine, fupi, chini ya feni. Juu yake kibao: AKINA MAMA WENYE WATOTO WACHANGA.

Nikaenda. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Wewe, wapi?"

"Nina mtoto mchanga, afande."

"Mtoto nimemwona. Mama namtafuta."

"Mama hayupo. Niko mimi."

"Basi rudi kule. Ile ndiyo foleni ya niko mimi."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikarudi na aibu yangu, nikakuta nafasi yangu imeshachukuliwa, nikaanza upya mkiani. Bosi alikuwa analia sasa kwa kukauka, ile sauti isiyotoa machozi. Mzazi yeyote anaijua.

Jirani akanisogelea.

"Nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Mtoto. Nipite naye kule kwenye feni. Wakiniuliza nitasema ni wangu, si ndivyo foleni yao inavyotaka? Yeye ataepuka joto, mimi sitaulizwa nakwenda kufanya nini. Tutakutana kwenye basi."

Nikasita. Maneno ya mama mkwe yalinijia kama alivyoyasema, na mkono wake juu ya wangu.

"Baba Bosi, mtoto anaungua," akasema Jirani kwa upole.

Nikajiambia, mama alisema mtu nisiyemjua. Huyu namjua. Nimekula naye mkate mmoja. Anajua Bosi analala upande gani. Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na haraka, anachukua neno la mkubwa wake analipunguza taratibu mpaka limtoshe.

Nikamfungulia bizimu. Nikampa na hati ya safari ya mtoto, ambayo haionyeshi mzazi ni nani.

"Sharti moja," Jirani akaninong'oneza huku akijifunga. Kiunoni, bega, kifuani. "Usiniite. Usininyooshee kidole. Sisi hatujuani mpaka tufike kwenye basi."

"Sawa."

Bosi alipokaa mgongoni kwake akanyamaza. Hilo liliniuma kidogo, ila nilishukuru.

Mlinzi alimpisha bila neno. Dirishani alikuwapo afisa wa kike, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Nilimwona akimuuliza Jirani kitu, Jirani akajibu, afisa akamfinya Bosi shavu. Muhuri ukagongwa. Kumbe jambo dogo tu, nikasema moyoni.

Jirani akatokea upande wa pili, kwenye uwanja. Basi letu lilikuwa limeegeshwa kulia.

Jirani akashika njia ya kushoto.

Nikafikicha macho. Kushoto kulikuwa na geti la kutokea barabarani, na karibu na geti gari dogo, mlango wazi. Jirani alikuwa anakwenda haraka haraka, hageuki nyuma, na maua ya kitambaa changu cha kochi yanazidi kuwa madogo.

Nikajikumbusha sharti. Usiniite. Nikauma midomo. Labda amekosea njia. Labda ana la kufanya. Akazidi kusonga. Zilibaki hatua chache afike kwenye lile gari.

Ndugu msomaji, mwanao ndiye anayekwenda. Ungesubiri?

"Mwanangu!" nilipiga ukelele uliogonga bati. "Mshikeni huyo mwanamke! Ameniibia mtoto!"

Kila mtu akasimama. Walinzi wakaruka, na wa kwanza waliyemshika ni mimi.

Niwaambie Jirani alikokuwa anakwenda? Bombani. Bosi alikuwa amefanya makubwa, yamemchuruzika dada wa watu mgongoni, na bomba la maji lilikuwa kushoto, pembeni ya geti. Lile gari lilikuwa la mtu anayeuza soda. Laiti ningefunga mdomo mpaka ndoo ijae, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Walituingiza chumba kidogo chenye meza moja na feni iliyokwama imetazama ukuta. Afisa yule mwenye miwani akakaa. Jirani alisimama kona ile, Bosi mgongoni, maji yakidondoka kwenye sketi yake. Mimi kona hii, mlinzi amenishika kwapa.

"Dada," afisa akaanza. "Pale dirishani nilikuuliza mtoto ni wa nani. Ulinijibuje?"

"Nilisema ni wangu."

"Na sasa?"

Jirani akanitazama. Nilimwona akipima. Akisema kweli, amemdanganya afisa wa serikali, anarudishwa kwao, saluni ya dada yake ataisikia kwenye simu. Nikamtikisia kichwa, sema kweli, sema.

"Ni wangu," akasema, macho chini. "Huyu kaka nimekaa naye kiti kimoja tu. Simjui."

Nikanyoosha kidole mgongoni kwake.

"Mwongo! Afande, tazama hiyo mbeleko! Nimeishona mimi kwa mikono yangu, mimi ni fundi makochi. Mwambie aifungue aifunge tena. Ina namna yake. Mtu asiye mwenyewe hawezi!"

Afisa akavaa miwani. "Fungua, ufunge."

Jirani akafungua. Akafunga. Kiunoni, halafu bega, halafu kifuani, akiipitisha chini ya kwapa. Hakukosea hata kidogo. Bosi mwenyewe alicheka bizimu ya mwisho ilipolia.

"Nilimfundisha mimi," nikasema. Hata masikioni mwangu neno lile lilisikika kama uongo.

"Mlinzi wa foleni alikuona umembeba, na huyu nimemwona amembeba, lakini kubeba si kuzaa. Mwite mtoto," afisa akaniambia.

"Bosi! Bosi, njoo kwa baba."

Bosi akaninyooshea mikono miwili. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akamnyooshea mlinzi. Kisha akamnyooshea afisa, alikuwa anaitaka miwani.

Mlango ukafunguliwa, kondakta akachungulia, jasho linamtiririka.

"Afande, nina abiria wawili humu. Naondoka."

"Subiri. Huyu mtoto alipanda na nani?"

Kondakta akajikuna kisogo. Nikamtazama kwa macho ya kuomba.

"Mimi nakagua tiketi, afande. Wa mapajani hana tiketi, simwangalii. Ila kila nilipopita..." akanigeukia, "samahani, kaka, nasema nilichokiona. Kila nilipopita alikuwa mapajani kwa huyu dada."

Akaondoka. Ubahili wa kiti kimoja, nao ukasimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi yangu.

Nilisikia honi ya basi, kisha mngurumo. Lilipopita dirishani ndipo akili ilinirudia. Cheti cha kuzaliwa cha Bosi, chenye jina langu na la marehemu mama yake, nilikuwa nimekiweka kwenye begi kubwa ili kisikunjike.

"Cheti kimo kwenye basi, afande! Lisimamisheni!"

Afisa alitazama dirishani. Vumbi lilikuwa limeshafika getini.

"Kwa hiyo ushahidi wako umepanda basi, umekuacha," akasema. "Likifika mwisho wa safari watatupigia. Hilo ni suala la kesho. Mlinzi, mvue mkanda. Apelekwe ndani."

Aliyewahi kupelekwa ndani anajua mkanda ukivuliwa maneno yameisha. Mlinzi akauvuta. Suruali yangu, ile ya kuonana na mwajiri, ikateremka kiunoni nikaidaka kwa mkono. Bosi aliponiona hivyo akaacha kucheka. Midomo ikamtetemeka, akaanza kulia, akijinyoosha kunifuata mlangoni.

"Subiri!" Jirani akasema.

Mlinzi akasimama.

"Mtoto ni wake." Alikuwa analia naye. "Ni wake, afande. Mama yake alifariki. Mimi nilimchukua ili nipite. Niliogopa kurudishwa. Nirudisheni tu, ila msimfunge."

Akafungua bizimu. Kifuani, bega, kiunoni. Akamweka Bosi juu ya meza.

Nilijikuta nasema asante, asante, asante, kwa mtu niliyemwita mwizi mbele ya watu wote. Sijui kama alinisikia. Nikanyoosha mikono kumchukua mwanangu.

"Usimguse," afisa akasema.

"Lakini amesema..."

"Amesema dirishani ni wake. Amesema hapa ni wake. Sasa anasema ni wako. Nichukue lipi? Mimi nimekaa mpakani hapa siku nyingi, bwana. Nimewaona watu wawili wakija na mtoto mmoja, na mtoto si wa yeyote kati yao. Wakikosana kwenye biashara yao, mmoja anapiga kelele, mwenzake anajitia huruma."

"Haki ya Mungu, afande, si biashara!"

"Basi nipe mtu wa tatu. Anayemjua huyu mtoto, asiyekuwa humu ndani. Ukimkosa, mtoto analala kituo cha watoto wasio na wenyewe, na nyinyi mnalala kwangu."

Mtu wa tatu. Hapa duniani Bosi alikuwa na mtu mmoja tu wa tatu.

Nilimtajia namba. Nilijua fika nafanya nini. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walishasema, na yangu mimi ilikuwa imeanzia kwenye feni ya akina mama, ikaishia kwenye meza hii.

Afisa akapiga kwa simu ya ofisi, akabonyeza spika, akaweka kidole mdomoni mwake, nisiseme. Juu ya meza, Bosi alikuwa ameshapata muhuri wa serikali, anautafuna.

"Haloo?" Sauti ya mama mkwe. Nilisikia sufuria nyuma yake.

Afisa akajitambulisha. Akasema kuna mtoto wa kike hapa, wa miezi saba hivi, ana kidoti nyuma ya sikio la kushoto.

Sufuria ikanyamaza.

"Huyo ni mjukuu wangu," mama akasema. "Amekufa?"

"Hajafa, mama. Mzima kabisa. Ninachotaka kujua ni kama..."

"Baba yake yupo hapo?"

Afisa akanitazama. "Kuna mwanaume hapa anayesema ni baba yake."

"Nimsikie."

Afisa akanisogezea simu.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikia. Katika miaka yote niliyokuwa mkwe wake, hajawahi kuacha kuniitikia.

"Mtoto alikuwa mikononi mwa nani?"

Ningeweza kusema mikononi mwangu, mama, hawa wamekosea tu. Uongo mmoja mdogo, tena Jirani angeuunga mkono. Nilimtazama Bosi na ule muhuri mdomoni. Uongo mdogo ndio uliotufikisha pale. Nikasema moyoni, safari hii kweli itanisaidia.

"Nilimwachia mtu, mama. Kidogo tu. Foleni ilikuwa ndefu, joto..."

"Mtu unayemjua?"

Jirani alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Jina lake, lile la kweli, sikulijua.

"Simjui, mama."

Afisa akainamia simu kuangalia kama haijakatika.

"Mama, bado upo? Nahitaji jibu lako tu. Mtoto ni mjukuu wako, hilo nimeandika. Je, huyu mwanaume ni baba yake? Unamjua?"

Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Nilimsikia akilia, kwa mbali, ameuondoa mdomo kwenye simu. Kisha sauti yake ikarudi imenyooka, ile ile aliyoniambia nayo mlangoni.

"Mjukuu wangu namjua," akasema. "Nakuja kumchukua. Huyo mwanaume simjui."

Akakata simu.

Afisa akavua miwani, akamtoa Bosi muhuri mdomoni taratibu, akampakata. Kisha akamwashiria mlinzi arudishe mkono wake kwapani kwangu.